Sauti ya Bibi Haihitaji Chaneli Kumi na Sita

Hapa kwetu Songea ukitamka neno studio mbele ya watu wawili, mmoja atafikiria chumba cha kupigia picha, chenye pazia la maporomoko ya maji na kiti cha plastiki. Wa pili atafikiria meza ndefu iliyojaa vitufe, taa za kijani na nyekundu zinazocheza, na kijana mwenye hedifoni shingoni ameegemea kiti cha kuzunguka. Huyo wa pili ndiye aliyetusumbua nyumbani kwa miezi minne mizima. Na wala hakuwa mgeni, alikuwa ni kaka yangu wa tumbo moja.

Nijieleze kidogo, msomaji mwenzangu, usije ukadhani unasoma makala ya fundi. Mimi nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakanirudisha nyumbani Lizaboni, na tangu hapo nauza maandazi asubuhi na kuandika riwaya jioni. Riwaya yenyewe iko kwenye kauntabuku la tatu sasa. Kaka yangu anapiga gitaa la besi kwenye kwaya, na ana kichwa cha mitambo kuliko mimi. Tuna chumba kimoja cha uani ambacho mpangaji alihama, tuna laptopu ya zamani lakini inayoheshimika, na mwaka huu mama aliuza magunia 24 ya mahindi akatukabidhi shilingi 1,600,000. Akasema maneno machache tu: "Hii ni hela ya mbolea. Fungueni hiyo studio yenu, lakini kabla ya mvua za kwanza nataka niione imerudi. La sivyo mtalima wenyewe, na bila mbolea."

Anayeijua Ruvuma anajua maana ya kauli hiyo. Mahindi bila mbolea hapa kwetu ni kupalilia njaa.

Kaka alikuwa na lake kichwani tayari. Kuna miksa ya chaneli 16 iliyokuwa ikiuzwa mkononi, imetumika miaka mingi kwenye mikutano ya nje. Ndefu, nzito, vitelezi vyake vingine vikisukumwa vinakwaruza kwa vumbi. Mwenyewe alitaka milioni moja na laki tatu. Hoja ya kaka, na ninaomba niiseme kwa haki kwa sababu haikuwa ya kijinga, ni kwamba mteja hununua kwa macho. Mwalimu wa kwaya akiingia akakuta meza kama ile atatoa hela bila kuuliza. Akikuta kiboksi kidogo kama redio ya mfukoni, atauliza mitambo iko wapi. Halafu kwaya ni watu 24, kuna kinanda, kuna ngoma, kuna magitaa mawili. Wote hao utawapitisha kwenye matundu mawili?

Mimi nami nilikuwa na langu. Nilitaka kumnasa bibi.

Bibi yetu amevuka miaka 80. Ana hadithi ambazo sijazikuta kwenye kitabu chochote, wala kwenye vile vilivyopigwa chapa hapo Peramiho. Nyingine ni za sungura na fisi, nyingine ni za vita ya Majimaji alivyosimuliwa na bibi yake mwenyewe, namna wanawake walivyojificha porini na watoto, walichokula, walichokataa kula. Wanaume walionyongwa hapa Songea mwaka 1906 wana makumbusho yao na majina yao yameandikwa. Wale wanawake wa porini wapo kwenye koo la bibi tu. Na koo lenyewe limechoka, tangu augue kifua anaongea kwa sauti ya chini kabisa, ukiwa hatua tatu kutoka kwake unamwona midomo ikicheza husikii kitu. Nimejaribu kumwandika kwa mkono. Haiwezekani. Nikiandika neno, yeye ameshapita matatu, na ile namna anavyonyamaza kabla ya jambo baya kutokea haiandikiki.

Basi ikawa kwaya upande huu, bibi upande ule, na mbolea katikati.

Sasa hapa nikubalie tuingie kidogo kwenye mambo ya umeme, kwa sababu bila hayo ugomvi wetu hautaeleweka. Maikrofoni haitoi umeme wa kutisha. Chukua Shure SM58, ile maiki yenye kichwa cha waya kama mpira, ambayo iko jukwaani dunia nzima tangu ilipotoka mwaka 1966. Mtu akiongea kawaida karibu nayo inatoa kama milivolti 2 hivi, yaani sehemu mbili za elfu za volti moja. Vifaa vinavyofuata vinataka kama volti moja nzima. Lazima basi kuwe na kitu cha kati cha kuukuza ule umeme mdogo mara mia, mara mia tano, hata mara 1,000. Mara 1,000 ndiyo mafundi wanaiita desibeli 60. Kitu chenyewe ndicho priampu, na kile kitufe cha kuzungusha kilicho juu kabisa ya kila chaneli, kinachoandikwa geini, ndicho usukani wake.

Ubaya ni kwamba priampu haichagui. Inakuza sauti ya mtu na inakuza mvumo wake yenyewe pia, ule mvumo wa shhh unaozaliwa ndani ya kila kifaa cha umeme. Mwimbaji mwenye kifua kipana akipiga sauti hahitaji kukuzwa sana, kwa hiyo mvumo unabaki chini na wala huusikii. Ndiyo maana miksa ya bei poa huwa inang'ara dukani. Muuzaji anaishika maiki anapiga kelele, "Hello, hello, testi!", nawe unatoa pochi. Hakuna muuzaji anayekunong'oneza dukani. Ukitaka kujua priampu ni ya namna gani, funika maiki kwa blanketi, vaa hedifoni, zungusha geini mpaka karibu na mwisho, halafu sikiliza kimya chake kikoje.

Na miksa ni nini hasa? Ni priampu nyingi zilizopangwa kwenye sanduku moja, kila moja ikawekewa vitufe vya kuongeza besi na kupunguza ukali, halafu zote zikakutanishwa mwishoni kwenye mifereji miwili, kushoto na kulia. Ukigawa bei ya miksa ya rahisi kwa chaneli 16 utaona kila priampu imetengewa shilingi ngapi. Ni kama kununua jozi 16 za viatu kwa hela ya jozi mbili. Utavaa, lakini usiende navyo mbali.

Kuna jambo lingine ambalo wengi wetu hatuambiwi. Miksa nyingi ndogo zenye waya wa kwenda kwenye kompyuta hupeleka ile mifereji miwili ya mwisho tu. Yamaha MG10XU, kwa mfano, ni miksa nzuri, ina priampu nne za maiki ambazo si za kubeza, lakini kompyuta inapokea njia mbili. Ukiwanasa waimbaji wanne kwa pamoja, wameshachanganyika kama mchuzi na ugali kwenye sahani moja, huwezi tena kesho kusema nipunguzie yule wa tatu alikuwa anakohoa. Zipo zinazopeleka kila chaneli peke yake. Behringer XR18 inapeleka njia 18 kwenye kompyuta, na priampu zake 16 ni za usanifu wa Midas, jina kubwa kwenye mitambo ya majukwaani. Kaka alinionyesha picha yake kwenye simu usiku mmoja, kama kijana anavyoonyesha picha ya mchumba. Bei yake nilimwomba asinitajie tena, nisije nikakosa usingizi.

Ile ya mkutano wa nje, ya milioni na laki tatu, haikuwa na waya wa kompyuta kabisa. Nikamuuliza kaka, sasa tutairekodi na nini? Akasema, "Hiyo tutaona mbele ya safari, mdogo wangu." Mimi mtunza hesabu sikuipenda hiyo safari.

Nilipoona hatuelewani nikaanza kuuliza watu wa zamani walifanyaje. Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay ili sauti yake iingie kwenye santuri. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alirekodi Nairobi. Miaka ya 1970 bendi zetu ziliingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na kule hakukuwa na kumnasa kila mtu peke yake kama sasa. Walipiga wote kwa wakati mmoja, maiki chache, moja kwa moja kwenye utepe. Asiyesikika husogea mbele, anayefunika wenzake hurudi nyuma. Zisikilize nyimbo hizo leo redioni, uniambie nini kimepungua. Remmy Ongala na Super Matimila waliondoka wakarekodi Songs for the Poor Man, albamu iliyotoka mwaka 1989, kwenye studio za Real World kule Uingereza, penye kila kitu. Nzuri sana. Lakini mtu anayeniambia kwamba zile za Dar si nyimbo kwa sababu ya mitambo, huyo tusalimiane tu.

Halafu nikakutana na habari moja iliyonikaa rohoni. Mwaka huo huo wa 1906, wakati moshi wa Majimaji haujapoa huku kusini, Mjerumani mmoja mwanazuoni, Karl Weule, alipita Lindi, Masasi na Newala na mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta. Watu waliimbia ndani ya pembe lile, yeye akafunga mizigo akaenda zake Ujerumani na sauti zao. Sina ugomvi naye, kazi aliifanya, na bila yeye zisingekuwepo. Ila nilijiuliza: aliyekuwa anaongea chini alimpitaje? Mashine ile ilitaka upige kelele kwenye pembe ndipo sindano ichimbe nta. Wanaonong'ona walibaki nje ya mtungi.

Hapo nikamwambia kaka, tuache maneno, tujaribu.

Kaka akaazima miksa ndogo kwa jamaa yake anayepiga muziki wa harusi. Mimi nikaazima kadi ya sauti ya nje, kile kiboksi chenye priampu mbili, kwa kijana wa Msamala anayerekodi Bongo Fleva chumbani kwake. Wale vijana wanatoa wimbo mzima kwa priampu moja, kwa sababu biti inatengenezwa ndani ya kompyuta na sauti inaingia moja moja: kwanza mistari, halafu kiitikio, halafu za nyuma.

Tukamkalisha bibi saa nne usiku. Usiku kwa sababu yeye mwenyewe alikataa mchana katakata. "Hadithi za mchana huleta mikosi, mjukuu wangu. Mchana kalimeni." Kwa upande wetu ilikuwa heri, maana mchana kuna majogoo, bodaboda, na mashine ya kusaga mtaa wa pili.

Tulianza na ile maiki ya kawaida kama SM58. Kwa miksa ya harusi ilibidi geini izungushwe karibu yote, na nyuma ya bibi kukawa na mtu anakaanga vitunguu. Kwa kile kiboksi, vitunguu vilipungua, vikawa kama mvua ya mbali. Nikamtazama kaka. Akanyamaza. Halafu nikamwomba bibi asogee, kutoka urefu wa mkono mpaka shubiri moja. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti inayoingia inaongezeka desibeli 6, yaani umeme wake unakuwa maradufu, na hiyo ni bure, hakuna duka linaloiuza. Vitunguu vikapungua tena kwa vyote viwili.

Mwisho yule kijana wa Msamala, ambaye alikuwa amekaa mlangoni anakula mihogo yetu, akatoa mkobani maiki yake, Rode NT1-A. Hii si ya sumaku kama SM58, ni ya kondensa, ina bamba jembamba linalotaka umeme ili lifanye kazi. Umeme huo ni volti 48, unapanda kwa waya ule ule unaoleta sauti, na unawashwa kwa kitufe kidogo. Kwa nini 48 na si 40 wala 50? Inasimuliwa kwamba mwaka 1966 kampuni ya Neumann iliwatengenezea maiki watu wa redio ya taifa ya Norwei, na wale tayari walikuwa na volti 48 za taa za dharura jengoni mwao. Wakatumia hizo hizo. Dunia nzima ikafuata taa za dharura za Norwei! Kwa hiyo ukinunua maiki ya kondensa angalia kwanza kama kifaa chako kina hizo volti 48, maana miksa nyingine ndogo kabisa hazina.

Kwa sauti ile ile, NT1-A inatoa umeme karibu mara 13 ya SM58. Fikiria maana yake. Priampu haina tena haja ya kujikamua. Bibi akasimulia yule fisi aliyeoa, geini ikiwa katikati, na miksa ya harusi na kile kiboksi vikafanana kiasi kwamba kaka alipofumba macho hakujua kipi ni kipi. Mimi nilijua kidogo. Kidogo sana.

Kaka akavua hedifoni akasema, "Kwa hiyo hela iende kwenye maiki."

Ndivyo tulivyofanya. Kiboksi chenye priampu mbili safi, kinachopeleka kila maiki kwenye njia yake, shilingi 600,000. Maiki ya kondensa mkononi kwa mtu, 480,000, baada ya kuipima kwa blanketi na kuisikiliza dakika kumi nzima mbele ya mwenyewe, ambaye alidhani tumerukwa na akili. Ninasisitiza kupima, maana duka moja mjini, silitaji, lilitaka kutuuzia "Shure" ambayo jina lake limebandikwa kwa gundi. Hedifoni mbili, stendi, nyaya, 230,000. Na 60,000 ya fundi umeme.

Hiyo ya fundi umeme usiipuuze. Songea tuliungwa kwenye gridi ya taifa mwaka 2018, kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Kabla ya hapo mji uliishi kwa majenereta ya dizeli. Umeme sasa ni afadhali mno, lakini nyumba nyingi za mitaani zilifungwa nyaya bila ethi ya maana, na hapo priampu hata iwe ya dhahabu itaunguruma mmm, ule mngurumo wa mizunguko 50 kwa sekunde. Fundi akapigilia fimbo ya shaba ardhini nyuma ya choo, penye unyevu, akaunga. Mngurumo ukakatika. Uliobaki ulitoka kwenye chaja ya laptopu, tukagundua kwamba ukiichomoa na kutumia betri unapotea. Ukutani tumetundika mablanketi na magunia matupu. Watu wanatushauri trei za mayai. Trei za mayai hazizuii jogoo, jogoo anapita hapo hapo akicheka. Mvua kwenye bati nayo hakuna priampu inayoiweza, kwa hiyo msimu wetu wa kazi ni kiangazi, kama wa mafundi matofali.

Ikabaki 230,000. Nikamrudishia mama. Akazihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga, akasema, "Bado mbolea."

Mwalimu wa kwaya alikuja wiki iliyofuata. Akasimama mlangoni, akatazama meza yetu, kiboksi, maiki moja imevaa soksi ya kuzuia pumzi. Akasema kama kaka alivyotabiri, neno kwa neno: "Mitambo iko wapi?"

Mimi nilitaka kuanza kueleza milivolti. Kaka akaniwahi. Akamwambia, "Karibu mwalimu, kaa kwanza usikilize," akamvalisha hedifoni akamwekea bibi, pale mahali ambapo mama mwenye mtoto mgongoni anasikia hatua za askari na mtoto anataka kulia. Bibi pale ananyamaza. Ni kimya cha sekunde sita hivi, na ndani yake hakuna vitunguu, kuna pumzi yake tu ikiingia na kutoka. Mwalimu alikaa kimya naye. Halafu akauliza, "Mtoto alilia?" Kaka akamwambia asikilize mwenyewe.

Wamekubali kuja Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, nyimbo nane. Chumba chetu hakiwatoshi watu 24, tutabeba kila kitu mpaka darasa moja la shule ya jirani. Kaka ameshachora sakafu ya uani kwa chaki: nusu duara, soprano mbele, besi hatua nne nyuma, maiki ya kondensa katikati kwenye stendi ndefu, ya pili kwa mwimbaji wa peke yake. Ngoma na magitaa yatapigwa siku nyingine, moja moja, juu ya sauti zao. Mwalimu ana wasiwasi kwamba kwaya yake haijazoea kuimba bila ngoma, itapotea mwendo. Kaka anasema atawapigia besi kwa hedifoni. Mimi naona wasiwasi wa mwalimu una msingi, lakini tutajua Jumamosi hiyo. Wakilipa kama tulivyopatana, nusu ya mbolea imepatikana.

Kaka bado anaulizia bei ya ile ya chaneli 16. Mwenyewe ameshusha mpaka milioni moja kamili.

Jumatatu na Alhamisi, saa nne ya usiku, tunazima friji ya mama, tunachomoa chaja, na bibi anakaa shubiri moja kutoka kwenye soksi. Tumeshanasa hadithi 11. Ya 12 aliianza juzi akasema imemchosha, ataimalizia akipenda, na akaniuliza kama kile kidude kikizimwa kinakumbuka alipoishia.